Hofu ya ganzi ya mgongo

Swali: Daktari, baba yangu atafanyiwa upasuaji wa henia kwa ganzi ya mgongo, na hofu imemnyima usingizi. Tumweleze yote au tumfiche?

Jibu: Ndugu msomaji, mwelezeni, kwa kuwa asilolijua ndilo linalomtisha zaidi. Mwombeni mtaalamu wa usingizi, yaani yule atakayemchoma ganzi, amfafanulie kwamba atainamisha mgongo, atachomwa sindano sehemu ya kiunoni, kisha miguu itapata joto na kuwa mizito, naye anaweza kubaki macho, akihisi kuguswa na kuvutwa bila maumivu makali. Ajue pia kwamba miguu hurejea hali yake baada ya saa chache, jambo ambalo wengi huliogopa kimyakimya. Mwacheni aulize mwenyewe, hata akirudia swali lile lile.