Wageni Wasioalikwa Wakati wa Kuuza Nyumba

SWALI: Tangu nitangaze kuuza nyumba yangu, watu nisiowajua hunipigia simu hadi usiku, na wengine hubisha hodi bila miadi wakitaka kuonyeshwa vyumba. Ninaishi na mama yangu mzee. Nifanye nini bila kuwapoteza wanunuzi wa kweli?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Tafuta laini nyingine ya simu itakayotumika kwa tangazo pekee, ili uizime nyumba itakapouzwa, na katika tangazo utaje mtaa bila namba ya nyumba. Anayebisha hodi bila miadi huna wajibu wa kumfungulia. Zungumza naye mlango ukiwa umefungwa, umpe namba ya simu ya tangazo apange siku. Mnunuzi wa kweli hukubali kutaja jina lake kamili na kusubiri, ilhali anayeshinikiza aingie papo hapo, hasa akiuliza nani hulala humo na mnatoka saa ngapi badala ya kuulizia hati ya umiliki, hunitia wasiwasi mkubwa.

Siku ya kuonyesha nyumba, mwombe ndugu au jirani awe nawe, fungia mahali salama hati, dawa, vito na funguo za akiba, kisha umwache mgeni atangulie kuingia kila chumba huku wewe ukibaki karibu na mlango. Mama yako, ikiwezekana, apumzike kwa jamaa saa hiyo, kwani si haki mzee kutazamwa chumbani mwake na watu asiowajua.

Dalali asiyekoma, ukishamkatalia mara moja kwa adabu, mzuie simuni. Akitokea wa kukufuata au kukutisha, hifadhi ujumbe wake, andika tarehe na saa, uripoti polisi.