Maswali yenu kuhusu udanganyifu wa vyeti vya dawa vya kielektroniki

*Tuliacha karatasi ili tuepuke vyeti vya kughushi. Mbona udanganyifu haujaisha?*

Umehama mlango. Kwenye karatasi, mtu aliongeza sifuri moja tu, vidonge 10 vikawa 100. Kwenye mfumo, cheti kilichotiwa sahihi ya kidijitali kikiguswa hata tarakimu moja, sahihi inakataa. Kwa hiyo mwizi hahangaiki tena na cheti, anawinda akaunti ya daktari. Akishaingia kwa jina lake, kila anachoandika kinaonekana halali.

*Mimi ni muuguzi. Daktari ameniachia nenosiri lake nimwandikie vyeti foleni ikiwa ndefu. Kuna ubaya?*

Upo, tena mkubwa, ingawa najua mnafanya hivyo ili wagonjwa wasikae hadi jioni. Dawa zikipotea, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina la daktari peke yake. Atawajibishwa kwa asichokiandika, nawe utashukiwa bila kuwa na cha kujitetea. Omba akaunti yako mwenyewe: uandae cheti, daktari akisome na kukitia sahihi.

Nchini Marekani, kanuni za DEA, mamlaka inayosimamia dawa zinazodhibitiwa, zilianza kuruhusu dawa hizo kuandikwa kielektroniki mwaka 2010, kwa masharti. Kabla ya kutia sahihi cheti cha morfini, kwa mfano, daktari lazima ajithibitishe kwa mambo mawili kati ya matatu: anachokijua, kama nenosiri, alichonacho, kama kifaa kidogo kisichokuwa sehemu ya kompyuta anayotumia, au alama ya mwili, kama ya kidole. Haruhusiwi kumwachia mtu mwingine nenosiri wala kifaa hicho. Hata kumfungulia daktari ruhusa ya kutia sahihi vyeti hivyo mfumoni kunahitaji watu wawili. Sharti hili la mwisho nalithamini kuliko yote, maana tunahofia sana wezi wa nje tukamsahau msimamizi wa mfumo, ambaye akiachwa peke yake anaweza kusajili daktari hewa.

*Mteja kaja dukani na picha ya cheti kwenye simu. Nimpe dawa?*

Hapana. Kitafute cheti chenyewe mfumoni. Estonia, iliyoanza utaratibu huu mwaka 2010, mgonjwa huenda na kitambulisho tu, na mfamasia hukiona cheti kwenye hifadhidata ya taifa. Dawa ikishatolewa, inaandikwa hapohapo na duka lingine linaona. Kama mfumo wako hauna uwezo huo, picha moja inaweza kuzunguka maduka yote ya mji. Mpigie daktari, lakini kwa namba uliyoipata mwenyewe, si ile iliyo kwenye picha.

*Kumbukumbu za mfumo zinajaa tu. Nani azisome, na atafute nini?*

Mtu asiyeandika vyeti wala kutoa dawa. Atazame vyeti vya usiku wa manane, vya daktari aliye likizo, na mgonjwa mmoja anayeandikiwa dawa ileile na madaktari wanne.

*Bima inasema nimechukua dawa nisizozijua. Sikulipa chochote, nihangaike kweli?*

Hangaika. Huenda duka limedai malipo ya dawa ambazo halikutoa, au mtu katumia kadi yako. Omba kwa maandishi uonyeshwe nani aliandika, nani alitoa na lini, kisha udai rekodi isahihishwe. Fedha ni za bima, lakini rekodi ni yako: ikisomeka kwamba unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, daktari wa zamu anaweza kuahirisha upasuaji unaouhitaji usiku huohuo.