Maswali na majibu: upanga mkononi, soga utapiga saa ngapi?

Wadau, maswali ya gemu za mtandaoni yamekuwa mengi na karibu yote yanazunguka jambo moja, mapigano na maongezi yanakaaje ndani ya gemu moja bila kuuana. Nimeyaweka pamoja hapa. Mengine nimeyafupisha, msininunie.

Kaka habari za kazi. Tuko watatu hapa Mwanza tunatengeneza gemu ya simu, ya mapanga, watu wengi mtandaoni kwa pamoja. Mimi nataka mapigano ya kasi, kukwepa, kombo (mapigo ya kufuatana), kila kitu. Mwenzangu anataka kijiji, watu wakae, wauziane vitu, wapige stori. Tumegombana mpaka kazi imesimama. Nani yuko sahihi?

Wote mko sahihi, na wote mtaharibu mkilazimisha hivyo vitu viwili vitokee sehemu moja muda mmoja. Angalia mikono ya mchezaji kwanza. Dole gumba la kushoto linatembeza mtu, la kulia linapiga, linakwepa, linageuza kamera, sasa hiyo chati ataiandika na pua? Bao unaweza kucheza huku unabishana siasa, ngumi huwezi. Kadiri mapigano yenu yanavyokuwa ya kasi ndivyo mnavyokula muda ambao watu wangeongea, kwa hiyo huo muda lazima muurudishe sehemu nyingine, na kwa makusudi, haujirudishi wenyewe.

Gemu za zamani zilikuwa zinaurudisha bila hata kupanga sana. EverQuest ya 1999, mchawi akiishiwa nguvu anakaa chini anasubiri zirudi, na kwa leveli za chini kitabu chake cha uchawi kilikuwa kinafunika skrini, haoni hata adui, anaona chati tu. Utafanya nini zaidi ya kuongea? Watu waliongea mpaka wakaoana. Lakini msiige, leo hakuna mtu atakubali kukodolea kitabu kwenye simu huku bando linaisha.

Ninayopenda zaidi kuitaja ni Star Wars Galaxies, ya 2003, chini ya mbunifu wake Raph Koster. Mle ndani ukipigana sana unachoka, na akili yako inapata majeraha ambayo daktari hawezi kuyatibu. Anayeyatibu ni mcheza dansi au mpiga muziki, na yuko kwenye baa ya mjini, na ni mchezaji mwenzako, mtu kabisa. Yaani kulikuwa na watu wanalipia gemu kila mwezi na kazi yao mle ni kucheza dansi tu, hawajawahi kushika bunduki, na wapiganaji wanawahitaji. Silaha nazo zilitengenezwa na wachezaji na zilikuwa zinachakaa, kwa hiyo fundi mzuri anajulikana mji mzima. Baa zikajaa, watu wakisubiri kupona wanaongea.

Sasa yaliyofuata ndiyo somo lenu. Novemba 2005 kampuni ikaamua mapigano yamepooza, wakageuza gemu nzima, ukawa unalenga na kubonyeza kama gemu ya risasi, na fani zaidi ya 30 zikabaki 9. Wachezaji wengi sana wakaondoka. Gemu iliendelea kuishi, wakaifunga Desemba 2011, ila ule umati wa mwanzo haukurudi tena. Na siyo kwamba mapigano ya kasi ni mabaya, shida ni kwamba waliyaleta kwa watu ambao hawakuyaomba halafu ule mtandao wa kutegemeana wakaukatakata ili yapate nafasi.

Ila nawe mwambie mwenzako asishangilie mapema, maana hata ile baa ilikuwa na ugonjwa wake. Watu waligundua unaweza kuandika amri fupi, mhusika wako anacheza dansi peke yake usiku kucha wewe umelala. Ukiingia baa unakuta wacheza dansi ishirini na hakuna mtu hata mmoja nyuma yao! Ukilazimisha watu wakutane na hawataki, watamtuma roboti awakilishe.

Mimi ningekuwa nyinyi ningeangalia Monster Hunter: World ya 2018, gemu ya kuwinda madude. Mapigano yake ni magumu, hutaki mtu akuongeleshe katikati. Lakini unaanzia kwenye ukumbi ambao mnaweza kuwa 16, unakula kwanza na hicho chakula kinakupa nguvu, mnatoka wanne kuwinda, mnarudi mnashonea nguo mlichowinda na mnaringishiana. Kwenda, kurudi, kwenda, kurudi. Mapigano yenu yawe mafupi, na anayerudi kijijini awe na sababu ya kurudi ambayo inamhusu mtu mwingine, siyo duka la mashine. Mkimaliza hapo rudini kazini, ugomvi wenu hauna maana kabisa.

Niaje. Wazee wa gemu hutuambia eti kitambo ukicheza World of Warcraft, ile ya watu wengi mtandaoni, ulikuwa unapata marafiki wa kweli. Mimi naingia pango la madude na watu wanne, tunamaliza, kila mtu anatoka, hakuna hata mmoja amesema sasa. Ni watu wamebadilika ama ni gemu? Nairobi hapa.

Msee, kwa sehemu kubwa ni gemu. Kabla ya Desemba 2009 ukitaka kuingia pango unakaa mjini unapiga kelele kwenye chati, natafuta wa kutibu, natafuta wa kukinga, unakusanya watu wako watano, halafu safari, angalau wawili wafike mlangoni kwenye jiwe la kuitia watu ndiyo wawaite wengine. Inachosha, nakubali. Lakini wote mnatoka seva moja, yaani kompyuta moja ya kampuni inayowaunganisha, ukiiba mzigo mlioupata au ukikimbia katikati habari inafika kabla yako, na ukiwa fundi wa kutibu kesho watu wanakutafuta kwa jina.

Hiyo Desemba wakaleta kitufe. Unabonyeza, mashine inakuokotea watu wanne hata wa seva nyingine kabisa, inawatupa ndani, mkimaliza inawarudisha mlipokuwa. Mwizi hutamuona tena, na yule jamaa mzuri hutamuona tena pia, sasa uanze kumsalimia ya nini. Hakuna mtu aliyefuta chati, ipo pale pale, kilichopotea ni haja ya kuitumia.

Ila sipendi wazee wanavyosimulia kana kwamba wachezaji walionewa. Toleo la zamani lilivyorudishwa 2019 watu walifurahi kweli kukusanyana kwa mkono, halafu 2022 walipofikia kile kipindi ambacho kitufe kilianzia, watengenezaji wakasema kitufe hakiji, wachezaji wakakidai, 2023 kikawekwa. Mtu ana saa moja baada ya kazi, nusu yake aitumie kutafuta wa kukinga? Hapana. Ukitaka marafiki, baada ya pango zuri andika neno moja tu kwa yule aliyekutibu, na ingia chama. Kitufe hakikukatazi.

Mimi ni dada, niko Arusha, nacheza gemu za risasi za kwenye simu na niko vizuri. Nikifungua maiki tu imekuwa shida, matusi, au mtu anaomba namba tuko katikati ya vita. Nikifunga maiki naambiwa sishirikiani na timu. Nifanyeje?

Funga maiki na usimwombe mtu radhi. Anayekwambia huwezi kushirikiana bila sauti hajui gemu zimefika wapi. Apex Legends ilipotoka Februari 2019 kitu kilichosifiwa kuliko hata bunduki zake ni kitufe cha kuonyesha, unalenga adui unabonyeza, mhusika wako mwenyewe anawatangazia wenzako adui yuko pale, unalenga risasi anasema kuna risasi hapa, mwenzako anabonyeza anajibu hiyo yangu. Timu ya watu watatu wasiojuana wanacheza vizuri bila kusikia sauti ya mtu. Gemu nyingi za simu nazo sasa zina alama za ramani na jumbe za haraka, zipange zile unazotumia kweli ziwe karibu na kidole, za kuchekeshana zitoe.

Na kuna gemu ilienda mbali zaidi, Journey ya 2012, unakutana na mgeni jangwani, hakuna jina, hakuna chati, hakuna maiki, una sauti moja tu ya kama kengele ya kuitana, na mkimaliza ndiyo unaonyeshwa ulikuwa na nani. Watu walilia kwa ajili ya mtu ambaye hawakumsikia hata neno. Kwa hiyo dada yangu, wa matusi mripoti, mzime, na tafuta skwadi yako ya kudumu ya watu wanne mnaoaminiana, hapo maiki itafunguka yenyewe.

Mkuu, nikikwepa nimekwepa kabisa kwenye skrini yangu lakini bado napigwa. Kwenye gemu za kuchagua adui halafu kubonyeza uwezo hainitokei. Mtandao wangu ni mzuri tu. Dodoma.

Mtandao wako unaweza kuwa mzuri na ukapigwa vilevile, ni umbali. Mwanga ndani ya waya wa faiba unaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar mpaka Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 7,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 70, na hiyo ni kama waya ungenyooka, haujanyooka, unazunguka baharini na kupita mitambo kibao. Ukiona ucheleweshaji wa milisekunde 150 au zaidi usimpigie kelele mtu wa vocha. Na tushukuru jamani, kabla waya wa SEACOM haujafika pwani yetu 2009 tulitegemea setilaiti zilizo juu kilomita 36,000, pale nusu sekunde inakwisha kabla hata hujaanza. Mwanadamu mwenyewe anaitikia kitu kwa kama robo sekunde au chini kidogo, kwa hiyo unaona ucheleweshaji unavyokula karibu uhai wako wote wa kukwepa.

Hizo gemu za kuchagua adui zinauficha. Final Fantasy XIV kwa mfano, ukitumia uwezo mmoja, mwingine mwingi unasubiri sekunde 2.5, ndani ya hiyo nafasi ucheleweshaji wako unajificha na unabaki na muda wa kuandika haha kwenye chati.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui, umati wenyewe ni adui wa kasi. Watu 100 wakiwa sehemu moja kila mmoja lazima aambiwe wengine 99 wanafanya nini, hizo ni taarifa 9,900 kila mara seva inapopumua, yaani inapotuma habari mpya. Wakiwa 4 ni taarifa 12. Ndiyo maana gemu za risasi zinawatawanya watu 100 kisiwa kizima, na vita vya kukwepana kwa kasi kwa kawaida ni vya watu wachache. EVE Online, gemu ya meli za angani, wao walichagua umati, vita ikiwa kubwa seva inapunguza mwendo wa muda wenyewe mpaka asilimia 10. Vita ya mle ndani iliyoitwa B-R5RB, jina la sehemu ilipopiganwa, Januari 2014, ilihusisha watu zaidi ya 7,500 na ilichukua karibu saa 21, na katika mwendo huo wa kinyonga watu walikuwa kwenye sauti wanapanga, wanachokozana, wanasaliti. Hebu fikiria kukwepa panga kwa asilimia 10.

Kwako wewe, ingia mipangilio uchague seva ya karibu. Microsoft walifungua vituo vya seva Johannesburg 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020, na Ghuba nako kuna seva za gemu kadhaa. Jaribu zote uangalie namba, usiamini jina.

Mwanangu, mimi ni mama, niko Muscat. Kijana wangu wa miaka 13 anaingia Fortnite na binamu zake wa Unguja, na hata hawapigani, wanazurura na kucheza dansi wakicheka. Hiyo nayo ni gemu?

Shikamoo mama. Ndiyo ni gemu, na wenye gemu wanajua. Februari 2019 walifanya tamasha la DJ Marshmello mle ndani na silaha zikazimwa, Aprili 2020 la rapa Travis Scott lilikuwa na watu milioni 12.3 kwa wakati mmoja, baadaye wakaweka kabisa uwanja usio na silaha. Huyo kijana anakaa barazani na binamu zake tu, baraza ndiyo limehamia huko. Angalia mambo mawili, mipangilio ya mzazi ya sauti iwe marafiki peke yao, na kadi ya benki isikae imeunganishwa, maana zile dansi zinauzwa.

Naongoza klani ya watu 40 hivi, Mombasa. Nusu wanataka ranki, mechi za kupanda daraja, nusu wanakuja kupiga porojo. Wa ranki wanataka niwafukuze wa porojo.

Usiwafukuze, utabaki na watu ishirini wanaolaumiana kila wakipigwa. Tenga chumba cha sauti cha mechi, mle ni taarifa za vita tu, mtu akianza habari za mpira anahamishwa bila hasira. Chumba cha pili huru. Tangaza siku za ranki mapema na timu yake ijulikane kwa majina, siku zingine mtu yeyote anaingia na yeyote. Wa porojo nao wape kazi, wao ndio wanaojua nani kafiwa, nani kabadilisha simu, nani ana mdogo wake anayepiga risasi vizuri kuliko wote, wakaribishe wageni wao. Na wewe kiongozi usicheze kila mechi ya ranki, utakosa kujua huko kwingine kunasemwaje.

Nitajie gemu moja tu iliyopatia. Moja!

Guild Wars 2, ya 2012. Unakwepa kwa mwili kabisa, na bado ukimuona mgeni anapigana na dude unakimbilia kumsaidia, kwa sababu kila mmoja anapata mzigo wake, hakuna kuibiana, na yeyote anaweza kumwinua yeyote aliyeanguka. Gemu nyingi mgeni ni mtu wa kukugawia hasara, hii mgeni ni faida. Ni ya kompyuta, simu haiingii. Sehemu ya kwanza ni bure tangu 2015, ila akaunti ya bure imebanwa upande wa chati kwa ajili ya wale matapeli wa matangazo, kwa hiyo mwanzoni utapigana zaidi ya utakavyoongea.