Jibu: kwa nini dozi ya kwanza ya T-VEC ni ndogo
Ndugu, umeuliza kwa nini T-VEC, dawa ya saratani ya ngozi (melanoma) inayochomwa ndani ya uvimbe, huanza na dozi iliyo moja ya mia ya zinazofuata. Chanzo ni majaribio ya awamu ya kwanza, wagonjwa 30. T-VEC yenyewe ni virusi vya herpesi aina ya 1, vilivyoondolewa jeni za ICP34.5 na ICP47, vikapachikwa jeni ya GM-CSF, protini, ili kuziita chembe za kinga. Wasio na kingamwili za herpesi walipata homa na wekundu mkali zaidi palipochomwa. Kwa hiyo uvimbe huchomwa kwanza virusi milioni 1 kwa mililita. Baada ya wiki 3, milioni 100, kisha kila wiki 2, bila kuzidi mililita 4 kwa siku. Uponyaji usiutafute kwenye awamu hiyo, kinachopimwa hasa ni usalama na dozi. Tena, mwenye kinga dhaifu hapewi: virusi bado viko hai.