Mpilipili wa dirishani Mombasa: maua yasidondoke, yashike tunda

Kuotesha mpilipili ndani ya nyumba hapa Mombasa si kazi ngumu. Joto lipo, unyevu upo, mbegu huchomoza hata kwenye mkebe wa maziwa. Kazi iko kwenye ua. Mti unakua hadi kiunoni, majani yamekoza, maua meupe kila tawi, kisha asubuhi unayafagia sakafuni yote na hakuna hata pilipili moja. Wengi huamua kwamba mti ni dume na kuung'oa. Udume ni mambo ya mpapai. Ua la mpilipili lina sehemu zote mbili, na mti mmoja peke yake unatosha kuzaa.

Sababu ya kwanza ni joto la usiku, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mpilipili hushika tunda vizuri usiku ukiwa kati ya nyuzi 16 na 21 hivi, na mchana usipopanda sana juu ya 30. Kuanzia Januari hadi Machi, mchana wetu hufika nyuzi 32 au 33, na usiku haushuki sana chini ya 24. Ndani ya fleti ni zaidi, kwa sababu ukuta wa zege ulioota jua mchana kutwa hutoa joto hilo usiku. Chavua, yaani unga wa ua unaotungisha tunda, huharibika, ua halitungi, mti unaliangusha. Mwezi Julai na Agosti, pepo za kusi zikivuma, usiku hushuka hadi nyuzi 20 au 21, na mti uleule uliokuwa ukimwaga maua Februari huanza kujaza.

Kwa hiyo kalenda ni muhimu kuliko mbolea. Sia mbegu mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mpilipili huchukua karibu miezi mitatu kutoka mbegu hadi ua, hivyo maua yako yatafunguka Juni, joto likiwa limepungua. Ukisia Oktoba, maua yatakutana na Januari. Na chagua aina kwa busara: pilipili kichaa, ile nyembamba fupi inayosimama wima kwenye tawi, huvumilia joto kuliko zote. Pilipili mbuzi hufuata. Hoho kubwa za saladi ndizo dhaifu zaidi kwenye joto, na kwa dirisha la Mombasa hatuzipendekezi kabisa.

Mbegu si lazima zitoke dukani. Nunua Marikiti au Kongowea pilipili zilizoiva hadi nyekundu kabisa, toa mbegu ukiwa umevaa glavu, zianike kivulini siku kadhaa. Zilizotolewa kwenye pilipili mbichi ya kijani nyingi haziko tayari, hata zikionekana nono. Zilowe usiku mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, zifukie nusu sentimita tu, na udongo ubaki na unyevu bila kutota. Za kawaida huchomoza ndani ya wiki moja hadi mbili. Kichaa na mbuzi zinaweza kukaa hadi wiki nne, basi usizifukue kutazama. Mche ukiwa na majani manne hadi sita ya kweli, bila kuhesabu yale mawili ya kuchomozea, uhamishe kwenye chombo cha lita 10 au zaidi: ndoo iliyopasuka mpini, debe, chochote chenye matundu matano au sita chini.

Kuhusu udongo tuseme wazi. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na udongo wa uani mara nyingi una vipande vyeupe vya chokaa ndani yake. Udongo huo una alkali nyingi, na mpilipili hushindwa kufyonza madini ya chuma: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiongeza majivu ya jikoni, kama wengi wanavyoshauriana, unazidisha alkali ileile. Tafuta udongo mwekundu kutoka bara kidogo, changanya sehemu mbili na sehemu moja ya samadi ya mbuzi iliyooza hadi haina harufu, na sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi mara nyingi huwa na chumvi, kwa hiyo yaloweke na kuyasuuza mpaka maji yatoke karibu meupe. Mchanga wa ufuoni usiutie, hata kidogo.

Chumvi ndiyo adui wa pili. Maji ya visima na ya bowza mengi mjini yana ukali unaouhisi ulimini. Mtu anaweza kuyafulia na kuogea, lakini ndani ya ndoo ya lita 10 chumvi haina pa kwenda. Maji hukauka, chumvi hubaki. Dalili ni ncha za majani kuungua rangi ya kahawia, utando mweupe juu ya udongo, na maua kudondoka yakiwa bado vifundo. Mwagilia maji matamu, ya mvua, au yale yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi, ambayo hayana chumvi. Na mara moja kwa mwezi mimina polepole mtungi mzima wa lita 20 za maji matamu kwenye ndoo hiyo ya lita 10, nje au bafuni, yapite yote hadi chini.

Siku za kawaida, ingiza kidole. Udongo ukiwa mkavu sentimita mbili au tatu za juu, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Mizizi ikilala majini huoza, na kisahani chenye maji ni mazalia ya mbu wanaoeneza dengue, homa ambayo mji huu unaijua vizuri.

Mwanga: mpilipili unataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita kila siku. Tuko karibu na ikweta, jua hupanda hadi utosini, hivyo haliingii mbali ndani ya chumba. Mti uliowekwa mita moja kutoka dirishani uko kivulini hata kama chumba kinang'aa. Weka chombo kwenye kizingiti chenyewe au ukingoni mwa roshani. Dirisha la mashariki ndilo bora, jua la asubuhi lipo mwaka mzima. La kaskazini hupata jua kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, la kusini miezi iliyobaki. La magharibi hutoa jua la alasiri linalochoma na kupasha ukuta, kwa hiyo liwe la mwisho. Asiye na jua kabisa anaweza kutumia taa ya LED nyeupe ya wati 30, saa 12 kwa siku, sentimita 20 hadi 30 juu ya vilele. Hesabu ya stima ni kama yuniti 11 kwa mwezi.

Sasa turudi kwenye ua. Nje, upepo na nyuki huutikisa mti na chavua huanguka mahali pake. Ndani hewa imetulia, na unyevu wa pwani huifanya chavua kunata. Lazima mkono wako ufanye kazi hiyo. Tazama ua lililofunguka karibu: katikati kuna kijiti kimoja, na kukizunguka vifuko vitano au sita vya rangi ya samawati au zambarau. Vifuko vikipasuka unaona unga mweupe pembeni mwake. Hali hiyo hutokea asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, kabla joto halijakaza. Gonga shina la ua kwa kidole mara tatu nne, au pitisha brashi ndogo laini ndani ya kila ua, ukigusa vifuko halafu ncha ya kijiti. Fanya hivyo kila siku maua yanapokuwepo. Feni ya mezani ikiwa mwendo wa chini, mita mbili kutoka mtini, husaidia sana, ila isiwe inaupulizia usoni mchana kutwa.

Baada ya siku chache utajua. Ua lililoshika hunyauka, petali hubadilika kahawia na kubanduka, na ndani ya kikombe hubaki punje ya kijani inayong'aa. Lisiloshika, kikonyo chake hugeuka manjano kwanza, kisha hukatika kwenye kiungo ukiligusa tu.

Mti wenye majani makubwa ya kijani kizito bila maua umeshibishwa nitrojeni. CAN, mbolea ya dukani yenye nitrojeni nyingi, na samadi ya kuku hufanya hivyo. Vifundo vya maua vikionekana, acha CAN. Tia nusu kijiko cha chai cha mbolea ya NPK 17:17:17 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu) kila wiki mbili, ukiizungushia ukingoni mwa chombo mbali na shina, na umwagilie papo hapo. Bora zaidi ni mbolea ya maji ambayo namba ya tatu kwenye lebo inazidi ya kwanza. Hiyo ni potasiamu. Maji ya maganda ya ndizi hayalishi mti kiasi cha kutosha, na huleta vinzi.

Mche ukifika sentimita 20, kata ncha ya juu ili utoe matawi. Ua la kwanza kabisa, lile la kwenye panda, litoe pia.

Wadudu wa ndani ni vidukari, nzi weupe na utitiri. Geuza majani utazame chini kila wiki. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mwarobaini na matone machache ya sabuni ya maji katika lita moja, kwa kunyunyizia jioni chini ya majani, kila baada ya siku tano kwa mara tatu, huwamaliza wengi. Majani machanga yakijikunja kwa ndani, yakawa membamba na magumu, na huoni mdudu yeyote, huenda ni utitiri mdogo asiyeonekana kwa macho. Kata vilele vilivyoathirika, vifunge kwenye mfuko, kisha uliza agroveti dawa ya salfa. Usiinyunyize ndani ya wiki mbili za kutumia mafuta, itaunguza majani.

Kuanzia ua kushika hadi pilipili kuiva ni wiki tano hadi nane. Vuna kwa mkasi, usivute, tawi la mpilipili huvunjika kirahisi. Vuna mara kwa mara hata zikiwa za kijani, kwa ajili ya kachumbari au viazi karai, maana mti uliobeba pilipili nyingi zilizoiva hupunguza kutoa maua. Joto likirudi Desemba na maua yakianza kumwagika tena, usiung'oe mti. Mpilipili huishi miaka kadhaa. Uache upumzike kaskazi yote kwa maji ya kiasi bila mbolea. Masika yakianza, ukate hadi sentimita 20 kutoka udongoni, badilisha udongo wa juu, na mwezi Juni utakuwa na maua mapya bila kusia mbegu nyingine.