Hiyo "wati 65 tu" ndiyo iliyonikosesha kazi

Mkuu, kama hujalipa, usilipe. Umeandika kwamba umepata kompyuta yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i7-13700, kwenye kesi ndogo ya feni moja, unataka kurekodi podikasti chumbani na kuhariri video, na muuzaji amekuhakikishia haitapiga kelele kwa sababu "ni wati 65 tu". Ngoja nikwambie kuhusu hiyo 65, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi Kariakoo mwishoni mwa 2023, kwa prosesa hiyo hiyo.

Intel, watengenezaji wenyewe, hawajaficha kitu. Kwenye maelezo ya prosesa hiyo kuna namba mbili. 65 ni wati za msingi, ikiwa inatembea taratibu. Ikianza kukimbia ruhusa yake ni wati 219. Hizo ni karibu sawa na balbu tatu za zamani, zile za njano za wati 75, zikiwaka kwenye kipande kidogo kuliko stempu ya barua. Na ukomo wa muda gani ikimbie unawekwa na madabodi, ule ubao mkuu prosesa inapochomekwa. Madabodi nyingi zinatoka kiwandani zimeacha wazi, kwa hiyo prosesa inakimbia mpaka kazi iishe au joto liizuie. Ndani ya kesi ndogo yenye feni ya sentimita 9, kwa joto letu la Dar la mwezi wa pili, unajua mwenyewe feni hiyo itafanya nini.

Mimi kazi yangu ni kusoma: matangazo, masomo ya wanafunzi, vitabu vya kusikiliza. Nilipata kitabu cha sura 14. Nikarekodi sura 9 usiku, kiyoyozi nimezima, madirisha nimefunga, shuka limetundikwa mlangoni. Kwenye hedifoni niliusikia mvumo, nikajipa moyo kwamba programu ya kusafisha sauti itauondoa.

Hapo ndipo nilipopotea, na ndipo unapoelekea wewe. Programu hizo zinajifunza mvumo mmoja, kisha zinautoa. Feni inayovuma kwa sauti ile ile usiku kucha inatoka vizuri kabisa. Ya kwangu ilikuwa haitulii. Nikifungua faili tu, prosesa inashtuka, joto linaruka, feni inapaa: vuuuu. Sekunde tano inashuka. Nikigusa kitu kingine inapaa tena. Kila nilipovuta pumzi kati ya sentensi na sentensi, kulikuwa na kitu kingine kinavuta pumzi nyuma yangu. Programu ikatoa vuuu moja ikaacha nyingine, na pale ilipojitahidi zaidi ikaila na sauti yangu, nikawa kama naongea kutoka ndani ya pipa. Mteja akarudisha sura zote 9. Hakugomba hata kidogo, akaandika mistari miwili ya heshima kisha kitabu akampa msomaji mwingine. Sikulipwa hata sura moja, na hajanipigia tena mpaka leo.

Nikarudi dukani. Kijana akaniambia, "Braza, Dar kuna joto, weka ya maji." Yaani kipoza joto cha maji, laki nne na nusu. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba maji hayapunguzi wati hata moja! Yanalibeba joto kutoka kwenye prosesa na kulipeleka kwenye redieta, na kwenye redieta kuna feni mbili zinazolisubiri. Juu yake ikaongezeka pampu yenye mlio mwembamba usiokatika. Nikawa na kelele tatu badala ya moja. Namkasirikia kijana yule mpaka sasa. Mtu anayeuza prosesa kila siku anatakiwa azijue namba mbili ambazo mtengenezaji ameziandika waziwazi, na kama hazijui, basi asimhakikishie mteja ukimya.

Halafu si jambo jipya. Mwaka 2004 prosesa za Intel za Pentium 4 zilifika wati 115, watu wakalalamika kelele, Intel wakaifuta iliyokuwa ifuate. Mwaka 2006 wakaja na Core 2 Duo ya wati 65 iliyofanya kazi haraka zaidi. Leo tumerudi kule na kupita: i9-14900K ya Intel inaruhusiwa 253, Ryzen 9 7950X ya washindani wao AMD inafika 230. Sababu ni ushindani wa nani ana namba kubwa ya kasi. Ili kuongeza kasi ile ya mwishoni kabisa lazima upandishe volteji, na umeme unaoliwa unapanda kwa mraba wa volteji. Unalipa wati nyingi mno kwa mwendo kidogo sana.

Ndiyo maana dawa yangu ya kwanza haikugharimu hata shilingi. Ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio ya madabodi, unaofunguliwa kompyuta inapowaka), tafuta PL1 na PL2, yaani ukomo wa wati wa muda mrefu na wa muda mfupi, zote mbili andika 80. Video yangu iliyokuwa inatoka kwa dakika 21 ikawa inatoka kwa 25. Kuziokoa hizo dakika nne ndiko kulikokuwa kunazaa ile vuuu yote. Maji nikayauza, nikaweka kipoza joto kirefu chenye feni ya sentimita 12 inayozunguka polepole, kwenye kesi pana yenye matundu mbele. Humo humo BIOS, kwenye mpangilio wa feni, kuna mahali pa kuichelewesha isijibu kila joto linaporuka. Weka sekunde nyingi kadiri inavyokubali, ili mvumo ubaki mmoja.

Kama bado unachagua, linganisha hivi: boksi la Ryzen 7 7700 nalo linasema 65, lakini ukomo wake wa juu ni wati 88. Boksi mbili, 65 moja, tofauti wati 131. Kwa hiyo usiangalie ya msingi, angalia ya juu kabisa, na kesi na feni vinunue kwa namba hiyo.

Leo mpigie huyo muuzaji, umuulize swali moja tu: ikikimbia, inakula wati ngapi? Akikujibu 65, kata simu.