Mkaguzi Aanze na Madaftari ya Watoto: Maswali Yenu na Majibu

Barua za mara hii karibu zote zinahusu ukaguzi wa shule na mtindo wa kujilinganisha na wengine. Nimechagua hizi.

Mimi ni mwalimu mkuu. Wakaguzi watafika wiki ijayo. Tuandae nyaraka zipi?

Swali hili haliishi kuletwa, na jibu langu ni lilelile: kama nyaraka hazipo leo, msizitunge. Maazimio ya kazi ya muhula mzima yaliyoandikwa usiku mmoja hujulikana kwa kutazamwa tu, maana yanakosa tathmini ya somo hata moja iliyofundishwa. Tena mwalimu aliyekesha akinakili maandalio hafundishi vizuri asubuhi yake, na anayepoteza ni mtoto. Waonyesheni kilichopo, mseme kilichokosekana na sababu yake. Mkaguzi anayeijua kazi yake ataomba madaftari ya watoto kabla ya mafaili yako, aone kazi zinatolewa mara ngapi, zinasahihishwa vipi, na kama kosa la mwezi uliopita bado linarudiwa.

Wastani wa shule ya mwanangu ni 70, wa shule jirani ni 85. Nimhamishe?

Si kwa namba hizo mbili. Uliza kwanza watoto waliingia na kiwango gani. Shule inayochuja kwa mtihani wa kujiunga hupokea watoto ambao tayari wanaweza, na ile iliyowapokea wasiojua kusoma ikawafikisha 70 huenda ndiyo iliyofundisha zaidi. Kisha uliza walioandikishwa walikuwa wangapi na waliofanya mtihani wa mwisho wangapi. Pengo likiwa kubwa, dai kujua wengine walikwenda wapi. Zipo shule zinazowakaririsha darasa au kuwahamisha watoto wazito wa kujifunza mwaka mmoja kabla ya mtihani ili wastani upande. Huo ni ukatili kwa watoto, na wazazi wanaoshangilia wastani bila kuhoji wanausaidia uendelee.

Jambo jingine liko mikononi mwako. Mpe mwanao ukurasa asiowahi kuuona, asome kwa sauti, akueleze alichosoma. Ndivyo walivyofanya watafiti wa mpango uitwao ASER nchini India kuanzia 2005, na wa mpango uitwao Uwezo katika Kenya, Tanzania na Uganda kuanzia 2009. Walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili, na wakawakuta wengi wa madarasa ya juu ambao hadithi ya darasa la pili iliwashinda. Watoto hao walikuwa na ripoti za shule, na wengi walikuwa wakipandishwa madarasa kila mwaka.

Tumeshuka kutoka nafasi ya 12 hadi ya 19. Tumeporomoka?

Huenda hamkushuka hata alama moja, wengine ndio waliopanda. Tazameni alama zenu wenyewe za miaka mitatu.

Ni kweli Finland haina wakaguzi wa shule? Kwa nini nasi tusiwafute?

Ni kweli, iliwaondoa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini kabla ya hapo ilikuwa imeshapandisha elimu ya walimu wake hadi shahada ya uzamili, na bado hupima sampuli ya wanafunzi ili kujua hali ya nchi nzima. Anayetaka kufuta ukaguzi aanze na maandalizi ya walimu. Kuchukua sehemu iliyo rahisi ya mfano wa wengine na kuiacha ile ya gharama ni kosa linalorudiwa kila ujumbe unaporejea kutoka ziarani.

Kamati yetu inakwenda kujifunza katika shule inayoongoza. Tuangalie nini?

Angalieni namna wanavyofanya kazi, matokeo yao mnayajua tayari. Kampuni ya Xerox ilipoanza kujipima na washindani wake wa Japani mwaka 1979, ilizichunguza mashine zao kipande kwa kipande. Ninyi nanyi kaeni darasani kipindi kizima. Ulizeni mtoto aliyebaki nyuma hufanyiwa nini wiki hiyohiyo, na nani hugundua. Ulizeni walimu hukaa pamoja lini kujadili somo. Ziara inayoishia ofisini na kwa picha ya pamoja ni fedha ya watoto iliyopotea.

Hata nchi hujipima hivyo. Ipo mitihani ya kimataifa ya kulinganisha nchi: PISA hupima vijana wa miaka 15, TIMSS hupima darasa la nne na la nane. Matokeo ya kwanza ya PISA yalipotoka mwaka 2001, Ujerumani ilijikuta chini ya wastani, na alama za mtoto zikifuata sana hali ya nyumbani kwao. Ilichofanya ni kuweka viwango vya pamoja kwa majimbo yake na kuongeza shule za kutwa nzima. Swali lake lilikuwa kwa nini mtoto wa maskini anaachwa, na ningependa kulisikia katika kila kikao cha shule.

Walimu walipwe kulingana na ufaulu?

Hapana. Uingereza ilijaribu kuanzia 1862. Ruzuku ya shule ilitegemea mahudhurio na idadi ya watoto waliofaulu kusoma, kuandika na hesabu mbele ya mkaguzi. Watoto wakakaririshwa vitabu vizima bila kuvielewa, na masomo yasiyoleta fedha yakanyimwa muda. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliupinga mpango huo, nao ulivunjwa miaka ya 1890. Huko Atlanta, Marekani, uchunguzi wa mwaka 2011 uliwataja walimu na wakuu wa shule 178 katika shule 44 kwa udanganyifu wa mitihani. Walikuwa chini ya shinikizo kubwa la kufikia malengo ya alama, na wapo waliofuta majibu ya watoto na kuandika yaliyo sahihi. Waliofutiwa majibu walikosa msaada, kwa kuwa karatasi zilionyesha wamefaulu.

Mwalimu alipwe vizuri kwa kazi yake. Alama zitumike kujua nani anahitaji msaada.

Mimi ni mkaguzi. Naandika ripoti za kurasa nyingi, hakuna anayezifanyia kazi.

Punguza. Taja mambo matatu tu, kila moja na mhusika wake na tarehe utakayorudi kulitazama, kisha urudi kweli. Zungumza na mwalimu uliyemtazama siku hiyohiyo kabla hujaondoka, kwa sababu yeye ndiye atakayebadili somo, na mara nyingi ripoti haimfikii. Usiwahi kuufupisha mwaka mzima wa shule kwa neno moja la kuhukumu. Ofsted, wakaguzi wa Uingereza, waliacha hukumu ya neno moja kwa shule za umma Septemba 2024, baada ya kifo cha mwalimu mkuu ambacho uchunguzi rasmi ulisema ukaguzi ulichangia. Na kama idara yako inakupangia shule nyingi kiasi kwamba huwezi kurudi hata moja, waandikie wakubwa wako hivyo kwa maandishi, ukitaja shule ulizoshindwa kuzirudia.